Nyekundu Huondoka Kwanza

Katikati ya miaka ya sabini, kabla sijaenda chuo kikuu, nilifanya kazi Mbeya katika studio ya picha ya baba yangu mdogo, na katika miezi ile niliwarudishia wafu kadhaa damu usoni. Sikukusudia. Nimelieleza jambo hili kwa watu wachache, na kila mara nimelieleza kama kosa la kazi, jambo la karatasi na mwanga. Ndivyo lilivyokuwa. Lakini nimefika umri ambao sina tena sababu ya kuficha kwamba kwa muda mimi mwenyewe sikuwa na maelezo hayo, niliogopa kama wengine, na hata nilipoyapata nilinyamaza wakati nilipopaswa kusema.

Filamu ya rangi ilikuwa adimu wakati ule, na kuisafisha kulikuwa mbali. Sisi tulipiga nyeusi na nyeupe, tukazikuza picha katika chumba cha giza nyuma ya duka, na mteja aliyetaka rangi, picha yake ilisafiri kwa basi hadi Iringa ndani ya bahasha ngumu, kwa mtu aliyejua kuipaka kwa mkono. Huyo mpakaji na baba mdogo walijifunza kazi pamoja ujanani. Alikuwa akiviringisha pamba kwenye kijiti, akaichovya katika rangi ya mafuta, akaisugua juu ya picha polepole hadi uso wa kijivu upate ngozi na kitambaa kirudiwe na rangi yake.

Shida ya kazi ile ilikuwa kwamba yeye hakuwahi kuwaona watu aliowapaka. Sisi tuliowaona tulikuwa mbali naye safari ya siku nzima. Kumwandikia nyuma ya picha kwamba gauni ni la kijani hakukusaidia kitu, kwa kuwa kijani cha mgomba si kijani cha chai, na ngozi ya maji ya kunde ya mtu mmoja si ile ya mwenzake. Kwa hiyo siku walipoagana, wale vijana wawili walichukua karatasi moja nene, wakapaka visanduku ishirini na vinne upande wa kushoto na vingine kama hivyo hivyo upande wa kulia, kutoka vikopo vilevile, kwa pamba ileile, wakavipa namba, kisha wakaikata karatasi katikati kwa wembe. Nusu moja ilibaki Mbeya na nusu ikaenda Iringa. Waliiita kipimo. Tangu hapo hawakuandikiana tena majina ya rangi. Baba mdogo alimtazama mteja, akatazama kipimo, akaandika nyuma ya picha: uso sita, shati kumi na tisa, na kule Iringa mwenzake alifungua nusu yake na kuona kile kile.

Nilipofika mimi, macho ya baba mdogo yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Aliweza bado kupiga picha, maana mkono wake ulijua wenyewe umbali na mwanga, lakini rangi zilikuwa zikimchanganya. Kazi ya kuchagua namba ikawa yangu. Alinikabidhi kipimo kikiwa ndani ya bati la biskuti lililofunikwa.

"Kinakaa humu," alisema. "Ukimaliza unarudisha. Kipimo hakitaki kuota jua."

Nilikuwa nimesoma fizikia hadi kidato cha sita. Nilipaswa kuelewa. Badala yake nilisikia mzee akiongea juu ya karatasi kama mtu anayeongea juu ya kuku mwenye vifaranga, na nikatabasamu, kwa sababu nilijua hanioni vizuri. Mwezi Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza vidole vya kila mtu, nilichoka kufungua na kufunga bati lile. Nikakitundika kipimo ukutani, kando ya dirisha la mashariki, ili wateja wachague wenyewe. Niliona nimeleta maendeleo. Baba mdogo alipouliza, "Kipimo kipo?" nilijibu, "Kipo, baba." Na kweli kilikuwapo.

Jua la kiangazi kule milimani halina joto la kumwonya mtu. Liliingia kila asubuhi na kulala juu ya karatasi ile hadi saa nne, Juni, Julai, Agosti, Septemba, na mimi niliyekaa nayo chumba kimoja kila siku sikuona chochote, kama ambavyo mtu haoni jinsi mzazi wake anavyozeeka.

Wa kwanza kubadilika walikuwa walio hai. Picha zilianza kurudi kutoka Iringa zikiwa na uhai kupita kiasi: midomo imelowa, mashavu yana wekundu kama wa mtu aliyetoka kupanda mlima. Watu walifurahi.

"Ee binti, mbona umenipaka rangi ya mdomo?" aliuliza mzee mmoja wa kanisa, akiishika picha yake mbali na uso. "Mke wangu atauliza nilikuwa wapi."

"Atauliza ulikuwa wapi siku zote," mwenzake akamwambia. "Maana huyu ni mzuri, si wewe."

Tulicheka wote. Wateja waliongezeka. Kisha akaja mjane kuchukua picha ya mumewe, picha ya zamani tuliyomkuzia, na alipoiona hakucheka. Aliiweka kifudifudi juu ya meza, akaifunika kwa kanga, akasema kwa sauti ya chini kwamba miaka yote waliyoishi pamoja, mumewe hakuwa na damu hivyo. Aliichukua, lakini nilimwona nje akiibeba uso ukiwa umeelekea chini. Tangu siku hiyo nilianza kutofungua bahasha za Iringa nikiwa peke yangu.

Mwezi Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimechelewa, alikuja mama mmoja kutoka mashamba ya pareto, juu ya mji. Binti yake alikuwa amefariki miezi mitatu kabla, huko Makongolosi alikoolewa. Alikumbuka kwamba binti alipigwa picha kwetu kabla ya harusi, na alitaka ikuzwe na ipakwe rangi. Niliitafuta negativu, ile filamu yake ya awali, nikaipata. Msichana alikuwa amesimama mbele ya pazia letu akiwa amevaa gauni la kwaya, mikono imekunjwa mbele, anatazama kamera kama mtu aliyeitwa jina lake ghafla.

"Gauni lilikuwa la bluu," alisema mama. "Siyo bluu ya kuwaka. Imepoa kidogo." Akakiendea kipimo ukutani, akapitisha kidole juu ya visanduku, akasimama. "Hii hapa. Hii ndiyo yenyewe."

Kilikuwa kisanduku cha kumi na nne. Kwa uso alichagua cha sita, akaweka mkono wake mwenyewe kando ya karatasi kuhakikisha, maana alisema binti alifanana naye ngozi. Niliandika nyuma ya picha: uso sita, gauni kumi na nne.

Bahasha ilirudi baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa. Nilimwita baba mdogo akae karibu wakati naifungua, ingawa hakuweza kuona alichokuwa anakaa nacho. Uso wa msichana ulikuwa umejaa damu. Si mashavu tu. Chini ya macho, kwenye kingo za masikio, hata kwenye vifundo vya vidole kulikuwa na joto, kama mtu aliyekuwa akilima sasa hivi, akaitwa, akainua uso. Na gauni halikuwa la bluu. Lilikuwa zambarau, zambarau iliyoiva. Niligeuza picha nikasoma mwandiko wangu. Kumi na nne. Nikatazama ukutani. Kumi na nne ilikuwa bluu.

"Imetoka vizuri?" aliuliza baba mdogo.

"Imetoka," nilisema.

Jumatatu mama alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kuhusu gauni, kumwambia kwamba mpakaji alikosea na tutarudia. Sikupata nafasi. Aliishika picha kwa mikono miwili akaisogeza dirishani. Nje lori lilikuwa linapakia magunia na watu walikuwa wakipigiana kelele.

"Nani amemwona?" aliuliza.

"Mama, nafikiri rangi ya gauni ime…"

"Mwanangu, nakuuliza. Huko Iringa, nani amemwona mwanangu?"

"Hakuna aliyemwona. Wanapaka kwa namba."

"Mimi nilichagua bluu. Kwa kidole changu, hapo." Alionyesha ukutani bila kuangalia. "Tulimzika na zambarau. Mama mkwe wake ndiye aliyemvika, gauni jipya la zambarau, hakuwahi kulivaa akiwa hai. Nilikuambia mimi habari ya zambarau?"

Hakuniambia. Niliitafuta kichwani, neno kwa neno, kila alichosema siku ile ya kwanza, na hakuniambia.

"Basi huyu si mtu aliyelala," alisema, akaigusa picha shavuni kwa mgongo wa kidole, jinsi mtu anavyompima mtoto homa. "Tazama. Huyu anafanya kazi."

Sikuhitaji kuelezwa alichomaanisha. Watu wa kule hawakuzungumza habari ya msukule kwa sauti, lakini hakuna aliyehitaji kufundishwa: mtu anakufa mbele yenu, mnamlilia, mnamzika, kumbe kilichozikwa ni mgomba na yeye yuko mahali akilimishwa na aliyemchukua. Na aliyemchukua, katika kesi hii, alikuwa na jina tayari. Mama mkwe. Ndiye aliyemuuguza, ndiye aliyemvika.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Kaka zake mama walikutana. Ujumbe ukapelekwa Makongolosi kwa lori la kwanza. Kufikia mwisho wa wiki ilijulikana sokoni kwamba mama mkwe ameitwa kuja Mbeya, na kwamba Jumamosi ya wiki inayofuata wangerudi naye hadi kaburini, wafukue, na wakikuta mgomba, hatatoka pale. Walisema hivyo waziwazi, watu ambao Jumapili walikaa benchi la mbele. Mwanamke yule hakukimbia. Alijibu kwamba atakuja, kwa kuwa hana la kuficha, na jibu hilo likahesabiwa kuwa kiburi cha mtu mwenye dawa.

Nami nilikuwa najiuliza nini? Nitasema kweli. Nilikuwa najiuliza kama msichana yuko Iringa. Nilikuwa na cheti cha kidato cha sita, na jioni nilipofunga studio nilitoka kinyumenyume ili nisizipe mgongo zile picha za ukutani.

Tarehe mosi ya Desemba ukurasa wa mwezi uliokwisha ulikataa kung'oka, nikaiinua kalenda yenyewe. Kalenda ile ilitundikwa pembeni ya kipimo na ilikuwa imekilalia kidogo, upana wa dole gumba. Nilipoiinua, kipimo kilikuwa na ukingo mwingine chini yake. Kila kisanduku cha upande ule kilikuwa na mkia wa rangi nyingine: mkia wa kahawia yenye joto kwenye kisanduku kilichopauka kama vumbi, mkia wa waridi kwenye kisanduku nilichodhani ni cheupe. Na kisanduku cha kumi na nne kilikuwa bluu, bluu iliyopoa kidogo, hadi mahali kalenda ilipoanzia. Kuanzia hapo kilikuwa zambarau.

Nilikaa chini. Niliona yote kwa mara moja. Jua lilikuwa limenyonya wekundu kutoka nusu yetu, na nusu ya Iringa ilikuwa bado ndani ya bati lake, gizani. Namba zilikuwa zilezile. Kila nilipochagua bluu hapa, kule iliitwa zambarau. Kila nilipotafuta ngozi ya kawaida katika kipimo kilichokwisha damu, nilichukua namba yenye damu nyingi zaidi, na mpakaji, mtu mwaminifu, aliipaka kama ilivyoandikwa.

Ilikuwa Jumatatu. Sikusema hadi Jumatano. Siku mbili hizo nilijiambia kwamba nahakikisha, na sikuwa nahakikisha chochote. Niliona haya. Kusema kulikuwa kumwambia baba mdogo kwamba nilimdharau na kumdanganya, na kumwambia yule mama kwamba binti yake aliyeanza kupumua tena hakupumua. Mama mkwe alifika Mbeya Jumanne. Nilimwona akishuka kwenye lori, mwembamba, amejifunga kitambaa cheusi, hakuna aliyempokea mzigo. Hilo ndilo lililonifanya niseme.

Baba mdogo alinisikiliza akiwa amefumba macho yake yaliyoharibika. Kisha akasema, "Ulisema kipo."

"Ndiyo, baba."

"Niletee nikishike." Nilimpa. Akakipapasa kana kwamba vidole vingeweza kujua. "Sasa nenda kwa huyo mama. Mimi usiniombe radhi kwanza."

Nilipanda kwake jioni ileile, kabla ya giza, nikiwa na kipimo. Nilimwonyesha ukingo uliokuwa chini ya kalenda. Alitazama kwa heshima, kama mtu mzima anavyotazama daftari la mtoto.

"Hii mmepaka jana," alisema.

"Hapana, mama. Nakuapia."

"Yule mama mkwe wake amewafikia." Hakusema kwa hasira. Alisema kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa hatarini. "Kama hakuna kitu Iringa, nipeleke. Nimwone huyo anayepaka. Nione chumba chake."

"Twende kesho."

"Twende."

Asubuhi alikuja kituoni na kifurushi kilichofungwa kwa kanga, na ile picha ameishikilia kifuani. Kondakta akataka kukirusha kifurushi juu ya basi.

"Hakipandi juu."

"Mama, hata askofu mzigo wake unapanda juu."

"Basi mpandishe askofu."

Abiria walicheka na kondakta akashindwa. Mama alikiweka mapajani. Tulipita Uyole, tukashuka tambarare za Usangu ambako ng'ombe wa wageni kutoka kaskazini walikuwa wamesimama vumbini bila mchungaji aliyeonekana, tukapanda tena kwenye ubaridi wa Makambako. Karibu na Mafinga, kwenye misonobari iliyopandwa kwa mistari iliyonyooka, mistari inayofungukafunguka kando ya barabara hadi mtu ahisi kuna anayetembea ndani yake sambamba na basi, alilegeza kanga ya kifurushi akaangalia ndani. Nami niliona. Lilikuwa gauni la kwaya, la bluu, limepigwa pasi. Juu yake kulikuwa na kandambili.

"Hawezi kurudi na nguo za kaburini," alisema.

Nilitazama dirishani hadi Iringa.

Tulilala kwa ndugu wa baba mdogo, na Ijumaa asubuhi mapema tukapanda hadi kwa mpakaji. Alikaa chumba kimoja kwenye mteremko, chini ya miamba, dirisha lake likiwa limefunikwa kwa karatasi nyembamba nyeupe ili mwanga uingie umelainika. Ukutani kulikuwa na picha zilizobandikwa zikauke, nyuso za watu wa Mbeya ambao nilikuwa nimewapeleka mimi kwa mkono wangu, kila mmoja ana damu, kila mmoja anatutazama. Yule mama alisimama mlangoni akazipitia moja moja. Kisha, bila kuomba, alivuka chumba akafunua pazia la nyuma. Kulikuwa na kitanda, ndoo na baiskeli.

"Karibu, dada," alisema mpakaji kwa upole. Alikuwa mtu mrefu mwenye sweta lililotoboka viwikoni, vidole vyake vina rangi kwenye kucha. "Unamtafuta nani?"

"Huyu." Akaiweka picha mezani.

"Huyu nilimpaka. Uso sita, gauni kumi na nne."

"Ulimwona wapi?"

"Hapo hapo unapomwona wewe. Sijatoka mjini hapa tangu Pasaka, dada. Goti."

Nilimweleza mpakaji kwa maneno machache na kumpa nusu yetu. Aliitazama, uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeletewa rafiki wa zamani akiwa mgonjwa. Hakunikaripia. Alichukua bati chini ya meza, akatoa nusu yake, akazilaza mbili pamoja. Kule chini, mahali wembe ulipowatetemekea ujanani, mkato ulikuwa na wimbi dogo, na wimbi lilikutana na wimbi bila hata nafasi ya unywele. Hakuna mtu angeweza kupaka hilo jana. Upande mmoja ulikuwa karatasi hai. Upande mwingine, namba kwa namba, ulikuwa uleule ukiwa umekufa.

Mama aliweka kidole kimoja kwenye kumi na nne ya huku na kingine kwenye kumi na nne ya kule.

"Ilikuwa moja," alisema.

"Ilikuwa moja. Jua limeila. Nyekundu huondoka kwanza, dada. Siku zote. Bluu inabaki, njano inabaki kidogo, nyekundu inaondoka."

"Inakwenda wapi?"

Mpakaji alilifunika bati tupu. Nilikuwa na jibu la fizikia, na kwa mara moja katika mwaka ule nilikuwa na akili ya kulinyamazia.

Mama alikaa kwenye kigoda. Hakulia. Mikono yake ilikuwa juu ya kifurushi, na niliiona ikikibonyeza, ikikiachia, ikikibonyeza. Kisha akaanza kuzungumza, si nasi hasa, maneno mengine ya Kisafwa ambayo sikuyashika. Nilichoelewa ni kwamba alifika Makongolosi amechelewa. Gari liliharibika mlimani, akafika binti amekwisha kuoshwa, amekwisha kuvikwa, jeneza limefunguliwa usoni tu, shingo ya gauni la zambarau ikionekana. Hakumgusa kwa mikono. Walimwambia abusu paji la uso na alibusu, na lilikuwa baridi, lakini kulikuwa na baridi siku ile, na yeye mwenyewe alikuwa wa baridi.

"Sikumwosha," alisema. "Nilijuaje?"

Mpakaji aliisogeza picha kwake. "Rangi hii haijakauka sawasawa. Kwa ubaridi huu inachukua zaidi ya wiki tatu. Naweza kuifuta yote nikapaka upya, rangi utakayotaka wewe." Alichukua pamba, akailowesha tapentaini, akainama.

"Nipe mimi."

Akampa. Akamwonyesha mara moja tu: polepole, kwa kuzungusha, kutoka katikati kwenda nje. Yule mama alianza na paji la uso. Pamba ilitoka na wekundu, akaiweka pembeni, akachukua nyingine. Alipangusa mashavu. Alipangusa chini ya macho, nyuma ya masikio, shingo, na alipofika kwenye mikono alipangusa kidole kimoja kimoja na katikati ya vidole, ingawa hapakuwa na rangi katikati ya vidole. Chumba kilinuka tapentaini. Kila alipopita, kijivu kilirudi. Nimewaona watu wakifa tangu wakati huo, wazazi wangu miongoni mwao, na bado hiyo ndiyo safari niliyoiona kwa karibu zaidi, damu ikiondoka usoni mwa mtu kipande kwa kipande, mbele ya dirisha jeupe, saa tatu asubuhi.

Alipomaliza, mezani kulikuwa na kilima kidogo cha pamba nyekundu.

"Sasa gauni," alisema mpakaji. "Nikuletee bluu?"

Alifikiri. "Hilo liache," alisema. "Alivikwa na mtu."

Tulipanda basi la saa nne, na tukafika Mbeya mvua ikinyesha.

Jumamosi asubuhi nilikwenda nyumbani kwake, kwa kuwa baba mdogo alisema lazima niwepo na nitamke kosa langu kwa mdomo wangu. Kaka zake walikuwa uani, wanne, na majembe yameegemezwa ukutani, na lori limeagizwa. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya gunia tupu kando yao, miguu imenyooshwa, kama mtu aliyekwisha kupima urefu wa siku. Nilisema niliyopaswa kusema. Walinisikiliza vibaya. Mkubwa wao akamgeukia dada yake.

"Na damu ile usoni? Tuliiona wote."

"Ilikuwa ya karatasi. Nimeifuta."

"Nani anajua kama…"

"Mwanangu amekufa," alisema mama. "Nimemwosha mwenyewe. Jana, Iringa. Rudisheni hayo majembe shambani, mvua imeshanyesha."

Kisha mmoja wao, mdogo, akachukua jembe lake akatoka, na mwingine akamfuata. Mama alimwendea mama mkwe akampa picha. Mwanamke yule aliishika karibu sana na macho. Niliitazama kutoka nyuma ya bega lake, na hapo ndipo nilipoona tulichokuwa tumekitengeneza sisi watatu kule Iringa bila kujua: uso wa majivu, mikono ya majivu imekunjwa mbele, na gauni jipya la zambarau.

"Ndivyo alivyokuwa," alisema mama mkwe. "Nilipomaliza kumvika. Hivi hivi." Akaisogeza picha kidogo kwenye mwanga. "Ila macho. Macho nilimfumba."